Maswali ya Wasomaji: Namba unayo, uhusiano je?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu afanyeje ili watu anaokutana nao kwenye shughuli za kazi wawe watu wa kweli kwake, wasibaki namba tu kwenye simu. Tumezifupisha na kuondoa majina.

Narudi na kadi thelathini, wateja hawaji

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kampuni ndogo ya uchapishaji. Nilishauriwa nihudhurie makongamano na hafla za wafanyabiashara ili nijulikane, na kweli nahudhuria. Kila nikienda narudi na kadi ishirini hadi thelathini. Kesho yake nawatumia wote ujumbe wa kujitambulisha pamoja na orodha ya huduma zetu. Wawili watatu hujibu "asante", basi. Nakosea wapi? – Mchapishaji

JIBU: Piga hesabu kwanza. Hafla ya saa mbili, ukitoa nusu saa ya hotuba na nusu saa ya kuingia, kusalimiana na kujipanga, inakubakishia dakika sitini. Zigawe kwa kadi thelathini: kila mtu umempa dakika mbili. Katika dakika mbili mtu anakutajia jina na kampuni yake, nawe unataja vyako, halafu mnaachana. Mazungumzo ambayo mtu atayakumbuka wiki ijayo huchukua dakika kumi mpaka kumi na tano. Kwa hiyo muda ulionao unatosha watu wanne, watano ukijitahidi. Ukitoka na kadi tatu za watu mliozungumza kikweli, umevuna vizuri. Wale wanaogawa kadi kama vipeperushi mlangoni huwa tunawaonea huruma. Wanatumia karatasi nyingi sana.

Kazi huanza kabla ya siku yenyewe. Waombe waandaaji orodha ya washiriki au angalau ya wazungumzaji. Chagua watano. Soma kampuni zao zinafanya nini, kisha andaa swali moja kwa kila mmoja, swali ambalo jibu lake halipo kwenye tovuti yao. Halafu mpigie mwandaaji umwambie: "Ningependa kuonana na fulani, unaweza kunitambulisha?" Wengi hukubali kwa furaha, maana kukutanisha watu ndiyo sababu ya wao kuandaa hafla.

Ukienda na mwenzako wa ofisini, achaneni mlangoni. Mwaka 2007 Paul Ingram na Michael Morris wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha utafiti kuhusu hafla ya wafanyabiashara waliovishwa beji za kielektroniki zilizorekodi nani kazungumza na nani. Wageni wengi walikuwa wamesema wamekuja kufahamiana na watu wapya. Walipoingia ukumbini, wakaelekea zaidi kwa wale wanaowajua tayari. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Mtu akiona sura anayoifahamu, miguu inampeleka yenyewe. Kwa hiyo kubalianeni mkutane baada ya dakika arobaini na tano, kila mmoja amlete au amtaje mtu mmoja aliyempata. Hapo mmepata mara mbili kwa muda uleule.

Sasa maneno yenyewe. Tunadhani ukiulizwa unafanya nini, unajibu "tunatoa huduma mbalimbali za uchapishaji na usanifu". Jibu hilo halina pa kushikia. Anayekusikiliza huenda hahitaji kuchapa chochote mwaka huu, lakini anaweza kukutana na anayehitaji, na ili akukumbuke siku hiyo lazima awe na picha ya mteja wako kichwani. Mwambie hivi: "Tunachapa vitabu vya idadi ndogo, nakala hamsini hadi mia tano. Mashine yetu ni ya dijitali, haihitaji pleti, yale mabati ya kuchapia yanayotengenezwa upya kwa kila kazi, kwa hiyo mtu hana haja ya kuagiza elfu mbili ndipo bei ishuke." Siku atakapomsikia mwalimu analalamika kwamba ana muswada lakini wachapishaji wanataka oda kubwa, jina lako litamjia. Kisha umgeukie yeye umuulize: "Na wewe, nikikutana na mtu wa namna gani nimlete kwako?" Ni watu wachache mno wanaouliza swali hilo. Jibu lake ndilo lenye thamani kuliko kadi yake.

Kwa kuwa wewe ni mchapishaji, tazama na kadi zako. Ukubwa wa kawaida wa milimita 85 kwa 55 hauna neno, lakini upande wa nyuma usiuwekee lamineshini wala vanishi, kalamu ya wino ipate kuandika. Ukiachana na mtu, sogea pembeni uandike nyuma ya kadi yake mambo matatu: mlikutana wapi na lini, anahangaika na nini, na umemwahidi nini. Usiandike mbele yake kama unachukua maelezo ya polisi, wala usisubiri mpaka nyumbani. Ukifikia kadi ya nne, ile ya kwanza imeshachanganyika na ya pili.

Ufuatiliaji ndipo unapoangukia. Tuma ujumbe ndani ya saa 24 hadi 48. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi zaidi katika saa za mwanzo, halafu kasi inapungua. Ukichelewa wiki mbili unaanza upya kabisa. Ujumbe wenyewe uwe na vitu vitatu, mlipokutana, jambo lake alilokugusia, na kitu kimoja cha kumfaa, na usiwe na ombi lolote. Kwa mfano:

"Habari za asubuhi. Ni mimi wa uchapishaji, tulizungumza jana baada ya kikao cha mchana kuhusu ripoti yenu ya mwaka inayocheleweshwa na picha. Nimekuambatishia ukurasa mmoja wenye vipimo ambavyo picha inatakiwa iwe navyo kabla ya kufika kwa mchapishaji: nukta 300 kwa inchi katika ukubwa utakaochapwa, rangi za CMYK, yaani zile nne za wino wa kuchapia. Mpatie mpiga picha wenu, hata kama mnachapa kwingine. Siku njema."

Yale maneno "hata kama mnachapa kwingine" yanabeba uzito wote. Linganisha na ule ujumbe wako wa orodha ya huduma: wote wanapata uleule, na kila mmoja anatakiwa akae atafute mwenyewe ni wapi anakuhitaji. Hakuna anayefanya kazi hiyo. Tena wengi wa watu unaokutana nao hawanunui mwezi huu. Ndiyo maana unahitaji mguso wa pili baada ya wiki tatu au nne, na wa tatu baada ya miezi miwili mitatu, kila mmoja ukiwa na kitu: taarifa ya bei ya karatasi inayobadilika, sampuli inayofanana na kazi yao, jina la mpiga picha mzuri. Ukituma mara tatu bila jibu, acha. Hajakukasirikia, ana mambo yake. Mbakize kwenye salamu za mwaka.

Sina cha kutoa, nitamwendeaje mtu mkubwa?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Namaliza shahada ya uhasibu mwaka huu. Tunaambiwa tutafute koneksheni kabla hatujatoka chuoni, lakini mimi naona kama kujipendekeza. Wanaonizidi wana kila kitu, mimi nina cheti tu, nacho bado. Nawafuataje? – Mwanafunzi

JIBU: Marahaba. Mkono mtupu haulambwi, ni kweli, ila wako si mtupu kama unavyodhani. Mtu aliyefanya ukaguzi wa hesabu kwa miaka kumi na tano ana maarifa ambayo nyumbani kwake hakuna anayetaka kuyasikia. Ukimuuliza vizuri, na ukarudi kumweleza ulichofanya na jibu lake, umempa kitu asichopewa na wengi.

Siri ni udogo wa ombi. "Naomba uwe mlezi wangu wa kitaaluma" ni mzigo usio na mwisho. Anayeombwa hajui ni wa muda gani, kwa hiyo ananyamaza. "Naomba uniajiri" katika ujumbe wa kwanza unamlazimisha kukataa, na akishakataa mlango umefungwa na pengine mngeweza kuongea. Omba kitu chenye mipaka: swali moja lenye jibu la dakika tano, au mazungumzo ya dakika ishirini kwa simu. Hivi:

"Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhasibu. Nimesoma kwamba ulianza kwenye ukaguzi kisha ukahamia idara ya fedha ya kampuni. Mimi nachagua kati ya njia hizo mbili. Naomba dakika ishirini za simu wiki hii au ijayo, muda wowote unaokufaa, nikuulize mambo matatu: kazi ya mwaka wa kwanza ikoje kila upande, mtihani gani wa bodi nianze nao, na nini ungefanya tofauti. Ikiwa una shughuli nyingi nitaelewa."

Ukipewa dakika ishirini, dakika ya kumi na nane sema "naona muda wetu unakwisha". Akitaka kuendelea ataendelea mwenyewe. Kabla ya kuaga uliza: "Kuna mtu mwingine unayeona ninafaa kuongea naye?" Swali hilo moja ndilo linalotoa mnyororo. Kisha, wiki tatu baadaye, mwandikie: "Ulinishauri nianze na mtihani wa kodi. Nimejiandikisha, nafanya mwezi ujao." Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapopotea: wanashukuru siku ileile, halafu kimya mpaka wahitaji kitu kingine. Aliyekusaidia anataka kujua mbegu imeota au la.

Kuhusu kuwafuata watu usiowazoea, utafiti uko upande wako. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alitoa matokeo ya kuwahoji watu wa fani waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni katika kitongoji kimoja cha Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 16.7 tu ndio waliokuwa wakionana na mtu huyo mara nyingi. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra. Sababu ni rahisi kuielewa: rafiki zako wa karibu wanajua unachokijua, wanasikia nafasi zilezile unazozisikia. Mwaka 2022 uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Science, uliotokana na majaribio ndani ya LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, kwa watumiaji zaidi ya milioni 20, ulirekebisha kidogo: waliosaidia zaidi katika kupata kazi ni watu wa mbali kiasi, si wa karibu sana wala wasiokufahamu kabisa. Yaani mwalimu aliyekufundisha muhula mmoja, msimamizi wa mafunzo kazini, yule kaka aliyekutangulia miaka miwili chuoni. Anza na hao, kabla ya mkurugenzi uliyemwona kwenye runinga.

Na kujipendekeza? Kujipendekeza ni kumsifia mtu usichokiamini ili akupe kitu. Kumuuliza mhasibu kuhusu uhasibu hakumo humo.

Rafiki anataka nimtambulishe kwa mteja wangu

SWALI: Mhariri, nauza na kufunga mifumo ya kamera za ulinzi. Rafiki yangu anayeuza samani za ofisi ananisumbua nimuunganishe na mteja wangu mkubwa. Nikikataa ataona nina roho mbaya, nikikubali naogopa akaharibu. Nifanyeje? – Fundi kamera

JIBU: Hofu yako ina msingi. Ukimtambulisha mtu, unamkopesha jina lako, na deni likiharibika mteja atakudai wewe.

Jiulize kwanza kama umewahi kuona kazi yake kwa macho, ikiwa imekwisha na mteja amelipa. Urafiki haujibu swali hilo. Kama hujaona, mwambie ukweli: "Sijaona kazi yako, nipeleke sehemu mbili ulizofunga samani." Mwenye kazi nzuri atakupeleka siku hiyohiyo.

Ukiridhika, usitoe namba ya mteja, na usiwatupe wote wawili kwenye ujumbe mmoja bila kuwauliza. Mteja wako akiona jina geni limeingizwa kwenye mazungumzo yenu, amelazimishwa kujibu kwa heshima yako, na heshima hiyo ilikuwa akiba yako. Muombe rafiki yako akuandikie aya moja unayoweza kuisambaza kama ilivyo: yeye ni nani, amefanya kazi gani inayofanana, na anaomba nini hasa. Sentensi nne au tano. Kisha mwandikie mteja peke yake:

"Kuna mtu wa samani za ofisi ninayemfahamu, nimeona kazi yake sehemu mbili na ni safi. Maelezo yake haya hapa chini. Ikiwa mnapanga kubadilisha samani karibuni nitawaunganisha. Kama si sasa, niambie tu, haina shida kabisa."

Hiyo "haina shida kabisa" iwe ya kweli. Akisema ndiyo, waunganishe kwa ujumbe mfupi wenye jina la kila mmoja na sababu, kisha ujitoe. Rafiki yako ndiye aandike kwanza, ndani ya siku moja. Akikaa siku nne, huyo amekuonyesha atakavyofanya na oda. Akikataa mteja, mwambie rafiki yako "kwa sasa hawana mpango huo", na usimweleze mengine.

Jambo moja zaidi. Kama rafiki yako ameahidi kukupa kamisheni, mteja ajue kabla hajaamua. Cha juu kinachofichwa hujulikana siku moja, kwa kawaida kupitia yule aliyekulipa. Na mteja akijua kwa njia hiyo, atarudi kutazama upya na bei za kamera zako.

Nasimama ukutani na glasi ya maji

SWALI: Nikiingia kwenye ukumbi wenye watu wengi nisiowajua, nakauka. Nasimama pembeni nikichezea simu mpaka muda uishe. Kuna dawa? – Mkimya

JIBU: Fika dakika kumi na tano kabla. Ukumbi ukiwa na watu sita, kila mmoja yuko peke yake na anatafuta wa kuongea naye. Ukishajaa, makundi yameshaziba. Bora zaidi, jitolee mezani kwenye mapokezi, kugawa beji. Kila mgeni atapita kwako, utataja jina lake, na baadaye utakuwa na sababu ya kumsogelea.

Jifunze pia kusoma miguu ya watu. Wawili waliotazamana uso kwa uso, vidole vya miguu vikielekeana, wana lao, waache. Wawili waliosimama pembepembe, au watatu walioacha nafasi upande mmoja, wamefungua mlango. Sogea, sema "naomba nijiunge nanyi", usikilize dakika mbili kabla ya kusema lolote, na ukisema, uliza juu ya kilekile wanachozungumza.

Kuondoka nako ni kazi. Usiseme unakwenda msalani halafu ukaonekana unacheka na kundi la pili. Sema: "Nimefurahi kukufahamu, nisikuzuie, na wewe una watu wa kuonana nao. Ile fomu nitakutumia kesho." Kisha itume.

Na ukifika nyumbani ukaanza kujilaumu ulivyoongea ovyo, fahamu kwamba mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake walichapisha majaribio waliyowakutanisha watu wasiojuana, wakawauliza kila mmoja amempenda mwenzake kiasi gani na anadhani yeye amependwa kiasi gani. Kwa wastani watu walikadiria kupendwa kwao chini ya uhalisia. Mwenzako huenda alifurahia zaidi ya unavyodhani.

Miaka mitano bila salamu, leo nina shida

SWALI: Kuna bosi wangu wa zamani ambaye angenisaidia sana kwenye mradi ninaoandika, lakini sijamtafuta tangu niondoke, miaka mitano sasa. Naona aibu. – Aliyepotea

JIBU: Mtafute. Mwaka 2011 Daniel Levin, Jorge Walter na Keith Murnighan walichapisha utafiti ambapo watu wenye vyeo makazini waliombwa kuwarudia watu waliokuwa wamepoteza mawasiliano nao kwa miaka mitatu au zaidi na kuwaomba ushauri wa kazi. Ushauri waliopata uliwafaa sana, pengine kuliko wa watu wanaoonana nao kila siku. Mantiki iko wazi: mlipoachana kila mmoja alikwenda kuona mambo mapya, na ile imani ya zamani haikufa.

Sentensi moja ya kukiri ukimya inatosha. Aya nzima ya kuomba radhi inamchosha. Taja kitu cha pamoja ambacho ni nyinyi wawili mnaokijua, halafu sema shida yako kwenye ujumbe huohuo. Kuanza na "habari za siku nyingi, familia haijambo?" kisha kuzunguka siku tatu kabla ya kufika kwenye shida kunamfanya ajisikie amewindwa. "Nimekuwa kimya muda mrefu na leo nina swali" ni adabu zaidi.

Nilipe ada ya klabu ya kupeana wateja?

SWALI: Nimealikwa kwenye klabu ya wafanyabiashara wanaokutana kila wiki kupeana wateja. Kila fani inaruhusiwa mtu mmoja tu, na kuna ada ya mwaka. Mimi ni wakala wa bima. Inalipa? – Wakala

JIBU: Mfumo huo si mgeni. Rotary, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1905 na wakili Paul Harris, ilianza na wanachama wa fani tofautitofauti, ingawa leo ni chama cha huduma kwa jamii na ukienda pale na katalogi utajiaibisha. BNI, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1985 na Ivan Misner, ndiyo inayojulikana zaidi kwa kukutana kila wiki na kupeana wateja, mtu mmoja kwa kila fani katika kila tawi.

Ada ndiyo gharama ndogo. Kikao cha dakika tisini na safari ya saa moja, mara wiki 48, ni saa 120. Ongeza saa moja kila wiki ya kuonana na mwanachama mmoja mmoja, bila hiyo klabu haina maana, unafika 168. Ni siku ishirini na moja za kazi za saa nane. Andika kipato chako cha siku moja, zidisha mara ishirini na moja, ongeza ada, ugawe kwa kamisheni unayobaki nayo kwa mteja mmoja. Jibu ni idadi ya wateja ambao klabu lazima ikuletee kwa mwaka ili usipate hasara.

Kwa bima tunaona inaweza kulipa, kwa sababu mteja wako huja mmoja mmoja, huamua kwa kuamini mtu, na akija hukaa miaka. Fundi bomba, mhasibu, wakili, vivyo hivyo. Anayeuza kwa mashirika makubwa kwa zabuni apeleke siku zake ishirini na moja kwingine.

Kabla ya kulipa, omba kuhudhuria kama mgeni mara mbili. Hesabu viti: wanachama kumi na wawili ni wachache mno. Tafuta ni nani anayehudumia watu wanaohitaji bima muda uleule, muuza magari, wakala wa nyumba, mshauri wa mikopo. Kama hao hawapo, klabu inaweza kuwa na watu wema na isikuletee kitu. Uliza wanachama wawili waliokaa zaidi ya mwaka walipata wateja wangapi waliolipa kweli; majina yaliyotajwa kikaoni hayahesabiki. Na utazame kama wanapeana majina ya kulazimisha ili kutimiza idadi. Dalili yake ni mtu kupigiwa simu asiyejua kwa nini anapigiwa.

Namba elfu nne kwenye simu

SWALI: Nina namba elfu nne na niko kwenye magrupu ya WhatsApp sitini. Nawezaje kuendeleza uhusiano na wote hao? – Mwenye wengi

JIBU: Huwezi, wala usijaribu. Robin Dunbar, aliyelinganisha ukubwa wa ubongo na wa makundi ya nyani, alikadiria kwamba mtu anamudu mahusiano yapatayo 150, familia na marafiki wakiwemo. Wengine wamepinga hesabu yake, lakini hakuna aliyepata elfu nne.

Chagua kumi na wawili wa kuwasiliana nao kila mwezi na arobaini wa kila miezi mitatu. Hiyo ni 144 na 160, jumla miguso 304 kwa mwaka, sita kwa wiki. Nusu saa ya Ijumaa asubuhi inatosha. Weka lahajedwali yenye safu tano: jina, tulikutana wapi, anashughulika na nini sasa, mara ya mwisho lini, zamu ijayo lini. Safu ya tatu ndiyo ya kusasisha kila mara. Ikibaki tupu, humfahamu mtu huyo. Magrupu, baki kwenye matano unayoweza kujibu maswali ya watu. Matangazo yako yanayobandikwa kwenye sitini hayasomwi, na wanaoyasoma ni washindani.

Amekuwa rafiki, sasa halipi kwa wakati

SWALI: Mteja wangu tumezoeana mpaka tunatembeleana. Tangu hapo anataka punguzo kila oda na malipo yanachelewa. Nashindwa kumwambia. – Mshonaji wa sare

JIBU: Mzoee mtu, usiuzoeshe mkataba. Kilichokosekana ni karatasi: urafiki umechukua nafasi ya ankara, kwa hiyo kila neno la fedha linasikika kama shutuma. Rudisha karatasi, nayo itasema kwa niaba yako.

Kwenye ankara ijayo andika bei kamili, chini yake mstari wa punguzo na kiasi chake, kisha jumla na tarehe ya mwisho ya kulipa. Sasa punguzo linaonekana kuwa ni punguzo. Zamani lilikuwa limeshageuka bei. Ongeza sentensi moja: punguzo ni kwa malipo yanayofika kabla ya tarehe hiyo, baada ya hapo bei kamili. Na kwa sare, ambazo vitambaa vyake unanunua kwanza, omba nusu kabla ya kukata. Mwambie ana kwa ana, siku msiyokuwa na deni kati yenu, kwamba huo ndio utaratibu mpya wa wateja wote. Kisha hakikisha kweli ni wa wote, maana ataulizia.